Kanisa Lisilo na Boriti

Mtu akirudi safari huulizwa habari. Niliporudi kutoka Marekani mwaka 2023 niliulizwa mengi: watu wa huko wanakula nini, baridi yao ni kali namna gani, magari yao yanakwenda mbio kiasi gani. Mzee mmoja tu, fundi mwashi wa parokia yetu, aliniuliza swali jingine. Alisema, "Karani, mwanangu, huko ulikokwenda mafundi wanajengaje?"

Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, nikajifanya nina haraka. Kweli ni kwamba sikuweza kumtazama usoni. Sababu yake nitaisema mbele. Leo nataka kumjibu mzee huyo sawasawa, nanyi msikie.

MJI WA MILIMANI

Parokia moja ya Marekani yenye urafiki na parokia yetu ilimwalika Padre Paroko, naye akanichukua nifuatane naye kama mwandishi wake. Siku moja wenyeji wetu walitutoa mji wa Charlotte, katika jimbo la North Carolina, wakatupeleka kwa gari upande wa magharibi. Baada ya mwendo wa saa mbili na zaidi tukaanza kupanda milima yenye miti mingi na ukungu. Nilikumbuka kwetu nyanda za juu asubuhi ya mwezi wa sita. Huko ndiko uliko mji wa Asheville.

Katikati ya mji lipo kanisa la matofali lenye minara miwili. Juu ya mlango imesimama sanamu ya Mtakatifu Laurenti, na kando yake Mtakatifu Stefano na Mtakatifu Aloisi Gonzaga. Mwaka 1993 Papa Yohane Paulo II alilipa kanisa hilo heshima ya kuitwa Basilika.

Tuliingia, tukapiga goti, tukasali. Nilipoinua macho nilisahau sala. Juu yetu palikuwa na kuba moja kubwa yenye umbo la yai. Urefu wake ni futi 82 na upana wake futi 58, yaani kama mita 25 kwa karibu 18. Kanisa letu la kigango lingeingia chini yake na nafasi ikabaki. Wala hapakuwa na nguzo hata moja katikati ya kuishikilia.

Mzee aliyekuwa akiwaonyesha wageni kanisa aliniona nimeshangaa. Akaniambia nitafute boriti. Nikatafuta. Hakuna boriti ya mti, hakuna boriti ya chuma, wala kwenye dari, wala kwenye sakafu. Kuta, nguzo, sakafu na kuba, vyote ni matofali, mawe na vigae. Basi nikamwuliza, "Hiyo kuba imeshikwa na nini?" Akacheka, akasema imeshikwa na umbo lake.

KAZI YA BABA NA MWANA

Aliyechora kanisa lile pamoja na mchora ramani mwenziwe, Richard Sharp Smith, ni Rafael Guastavino. Alizaliwa Valencia, nchi ya Hispania, mwaka 1842, akafanya kazi ya ujenzi mjini Barcelona. Mwaka 1881 alivuka bahari kwenda New York pamoja na mwanawe mdogo, jina lake Rafael kama baba. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka 10. Baba hakujua Kiingereza, na miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu. Lakini alikuwa na mali moja isiyoibika, yaani ufundi wa kwao.

Ufundi huo ni huu. Fundi huchukua vigae vyembamba vya udongo wa kuchoma, unene wa inchi 1 tu, navyo huvipanga kwa ubapa badala ya kuvisimamisha kama matofali ya tao la kawaida. Safu ya kwanza huunganishwa kwa jasi inayokauka upesi sana. Kigae kikishikwa kitambo kidogo, kimekwisha kushika, na fundi anaweka cha pili. Kwa hiyo hahitaji msitu wa mbao chini wa kuegemezea. Juu ya safu ya kwanza hupakwa saruji, kisha safu ya pili hulazwa ili viungo visikutane, kisha ya tatu, na zaidi kama ikihitajika. Akina mama wafinyanzi wataelewa upesi: chungu hupandishwa mviringo kwa mviringo, na kila mviringo hujishika kabla ya mwingine kuja. Na ukitaka kujua nguvu yake inatoka wapi, chukua yai ulibane kati ya viganja kwa ncha zake mbili. Ganda ni jembamba, lakini halivunjiki upesi, kwa sababu limepinda.

Watu wa Marekani walikuwa wakiuogopa moto. Mwaka 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Chicago. Guastavino akasema dari ya vigae haiungui. Wakamwonea shaka. Kampuni yake ikayajaribu matao yake mbele ya watu, ikayapakia mizigo mizito na kuyawashia moto. Hapo wakaamini.

Kampuni ya baba na mwana iliundwa mwaka 1889, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa maktaba ya mji wa Boston. Hata ilipofungwa mwaka 1962 ilikuwa imeshiriki katika majengo yapatayo 1,000. Lipo moja ambalo lilinigusa. Karibu na New York kuna kisiwa cha Ellis, ambako wahamiaji walikaguliwa tangu mwaka 1892 mpaka 1954. Mwaka 1916 shehena ya baruti ililipuka bandarini karibu na hapo, ikaharibu dari ya ukumbi wao. Kampuni ya Guastavino ikaweka dari mpya ya vigae zaidi ya 28,000. Miaka ya 1980, dari hiyo ilipotengenezwa upya, vigae vilivyohitaji kubadilishwa vilikuwa 17 tu. Hivyo mtoto aliyekuja na baba yake kutafuta riziki ugenini aliwafunika wahamiaji wenzake kwa kazi ya kudumu.

KWA NINI ASHEVILLE?

Baba Guastavino alikuja milima ile kufanya kazi ya mshahara. Tajiri George Vanderbilt alikuwa akijenga jumba kubwa sana, Biltmore, kati ya mwaka 1889 na 1895, na kampuni ikapewa kazi ya matao. Kazi ikaisha. Mafundi wengi kazi ikiisha hufunga mizigo. Yeye aliipenda nchi ile, akanunua shamba huko Black Mountain, kama kilomita 25 kutoka Asheville, akakaa. Alipanda mizabibu, akajenga tanuri la kuchomea vigae.

Jumapili alikwenda Misa mjini. Wakatoliki wa mahali pale walikuwa wachache, na kanisa lao lilikuwa dogo. Husimuliwa kwamba siku moja alifika akakuta limejaa hata akakosa mahali pa kukaa. Hakurudi nyumbani akinung'unika. Alijitolea kuchora kanisa kubwa, tena akachangia gharama. Ujenzi ulianza mwaka 1905.

Basi fikirini, ndugu. Mtu huyu alikuwa na kazi New York na Boston, penye fedha na sifa. Kuba mojawapo nzuri kuliko zote za jamaa hii akawapa majirani zake, watu wachache wa mlimani. Hakuwapa mabaki ya kazi za wakubwa. Aliwapa ufundi ule ule.

Hakuiona imekwisha. Mwezi Februari 1908 Rafael baba alifariki dunia huko Asheville. Kanisa lilikuwa bado. Ndipo yule mtoto aliyevushwa bahari, sasa mtu mzima wa miaka 35, akashika kazi akaimaliza mwaka 1909. Baba amelazwa humo humo kanisani, upande wa kikanisa cha Bikira Maria, na mlango wa kaburi lake ni wa vigae. Nilisimama pale kitambo. Nilimkumbuka Yosefu seremala na Mwana aliyejifunza kazi kando yake.

Tangu nirudi, yaani Septemba 2024, tufani ilileta mafuriko makubwa katika milima ile, ikaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Tuwakumbuke katika sala zetu.

BARUA ILIYOKUWA KWENYE DROO

Sasa niseme lile lililonizuia kumtazama fundi wetu.

Mzee huyu na mwanawe ndio waliopandisha kuta za kanisa la kigango chetu kimoja. Walifanya kazi safi. Timazi haikudanganya pembe hata moja. Lakini mchango wa Wakristo ulipungua, tukabaki na deni la ujira wao. Katika kikao mtu mmoja akasema, "Huyu ni Mkristo mwenzetu. Aandikiwe barua asamehe deni, ihesabiwe kuwa sadaka yake." Wote tukaitikia. Mimi karani nikapewa kazi ya kuiandika. Niliianza kabla ya safari, nikaiacha kwenye droo ya ofisi.

Mbele ya kaburi lile barua hiyo ilinirudia. Ukisikia juu juu, habari ya Guastavino ni ushahidi wa kumbana fundi wetu: tazama, mwenzako alitoa bure! Lakini sivyo. Guastavino alitoa kilicho chake. Alikuwa amelipwa katika kazi zake nyingine, ana shamba na tanuri, akachagua mwenyewe siku ya kutoa na kiasi cha kutoa. Hakuna kikao kilichomwandikia barua. Fundi wetu ana ada za shule na debe la mahindi la kununua. Tukimnyima ujira wake kisha tukauita sadaka, sadaka hiyo si yake, maana hakuitoa. Wala si yetu, maana tumeichukua mfukoni mwa mwingine. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri juu ya ujira wa wavunaji uliozuiwa. Sidhani onyo lile liliwaacha nje walinzi wa fedha za kanisa.

Mtakatifu Laurenti mwenyewe alikuwa shemasi, mtunza mali ya Kanisa la Roma. Alipoagizwa atoe hazina, aliwaleta maskini akawaonyesha hao. Aliuawa mwaka 258. Nami hutunza daftari la fedha za parokia. Nilijiuliza, mimi ningemleta nani?

Nilirudi, nikaichana barua, nikawaeleza wazee wa kikao mambo haya. Hawakukubali mara moja. Mmoja alisema nimeleta maneno ya Ulaya. Nilimjibu kwamba ujira wa fundi ni neno la kila nchi. Mwishoni tulikubaliana: kila jumuiya itoe fungu baada ya mavuno ya maharage, na tena baada ya mahindi. Hatujamaliza, limebaki fungu moja. Siku ya kupokea fungu la kwanza mzee alihesabu, akatia sahihi, akasema, "Sasa karani, na mimi nikitaka kutoa, nitakuwa na cha kutoa."

Baada ya hapo niliweza kumjibu swali lake. Nilimchorea vigae na safu zake kwenye karatasi. Nilimweleza pia kwamba ufundi huu umekwisha kufika kwa jirani zetu. Mjini Kigali, Rwanda, kiwanja cha kriketi kilichofunguliwa mwaka 2017 kina matao matatu makubwa ya namna hii. Vigae vyake ni udongo wa pale pale uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, na wenyeji ndio walioifanya kazi. Mzee alikaa kimya, akaikunja karatasi akaiweka mfukoni.

Wiki chache baadaye nilipita kwake. Nyuma ya nyumba yeye na mwanawe walikuwa wamejenga banda la kuku lenye tao jembamba la vigae. Jasi hawakuwa nayo, wakatumia saruji na kiunzi cha mianzi. La kwanza lilianguka. Kuku, kwa bahati, walikuwa malishoni. La pili limesimama. Mtoto wake alikuwa juu yake, akiruka-ruka kulijaribu, na mzee chini akitazama viungo.

Ndugu wasomaji, katika vijiji vyetu wamo mafundi wa namna hiyo, baba na mwana, wenye mwiko, timazi na kamba. Tuwape kazi, tuwalipe kwa wakati, kisha tuwaache wamtolee Mungu kwa hiari yao. Na wewe fundi, utakapotoa, usitoe mabaki. Wape majirani zako kazi ambayo hutaona haya kulazwa chini yake.