Safu ya Watu

Tabora, 4 Juni
Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa tochi ya simu. Kesho kidato cha tatu nawafundisha mchongaji Jewad Selim wa Baghdad. Mkuu wa idara kaniuliza kisa cha kwenda mpaka Iraki na Tingatinga yupo. Nikamjibu kwamba Selim na Sam Ntiro wetu wa Machame walipita shule moja ya sanaa, Slade ya London: Selim 1946 hadi 1949, Ntiro miaka michache baadaye. Hakuridhika, ila hakunikataza.

5 Juni
Picha ya Nasb al-Hurriyah, mnara wa uhuru wa Selim ulioko Baghdad, ilitoka stesheneri imefifia, lakini imetosha. Nimewaambia waanze kulia kwenda kushoto, kama wasomavyo msahafu. Makundi 14 ya sanamu za shaba kwenye ukuta wa mita 50: farasi aliyekurupuka, mama na mwanawe aliyeuawa, mfungwa, askari na wakulima. Iliagizwa na serikali ya Abdul Karim Qasim baada ya mapinduzi ya 1958. Inasimuliwa kwamba Qasim alitaka sura yake iwemo, Selim akakataa. Moyo ukamsimama Januari 1961, ana miaka 41, kazi haijaisha. Mkewe Lorna, mchoraji Mwingereza aliyekutana naye Slade, alikuwa miongoni mwa walioisimamia mpaka ikakamilika.

Mwaka huohuo Ntiro alipelekwa London kuwa balozi. Brashi aliishika saa ngapi, Mungu anajua.

8 Juni
Tumekwenda Kwihara. Kwenye tembe la makumbusho habari ni Livingstone na Stanley, waliokaa humo 1872. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na waliobeba mizigo je?" Swali halali kabisa, hasa kwa mtoto wa Kinyamwezi, ambaye mababu zake ndio waliobeba.

Nikawaonyesha kwenye simu mchoro wa Ntiro wa 1956, ulioko Museum of Modern Art, New York: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. "Huu si msafara huu!" akasema yuleyule. Wapo wanaodai Ntiro hakujifunza lolote Slade, eti watu wake hawana sura. Mimi naona alikataa kumtenga mmoja na wenzake, na Selim angemwelewa.

10 Juni
Wameunganisha karatasi za manila, wanachora wapagazi. Ugomvi wa kwanza: waelekee Bagamoyo au Ujiji? Bagamoyo imeshinda kwa kura. Wa pili bado: kirangozi, kwa kuwa yuko mbele na bendera, apewe sura au la? Nimewaachia wenyewe. Manila zimebaki tatu.