Kaka Alipinda Shingo, Nikatupa Vidonge Vyake!

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina kidonda changu mwenyewe, na nakifunua ili wewe usije ukafanya ujinga nilioufanya mimi.

Kaka yangu alikuwa mchimbaji mdogo kule Nyarugusu, Geita. Si unajua maisha ya machimboni: leo mfuko umejaa, kesho unakopa chai. Mwaka 2015 akaanza kuongea peke yake. Halali, hali, anadai karasha linamwita jina. Washikaji wakamrudisha nyumbani, Ngokolo, Shinyanga mjini. Mama akampeleka hospitali, akapewa haloperidoli. Aliyetugawia dawa akasema kimoja asubuhi, kimoja usiku. Basi, hakuongeza neno.

Siku ya tatu, bwana we! Shingo ikamgeukia upande, macho yakakwama juu, ulimi mzito kama umepigwa ganzi. Majirani wakajaa uani. "Huyu karogwa, hiyo si ya hospitali!" Mimi nikajifanya kidume, nikachukua vidonge vyote nikavitumbukiza chooni. Baada ya siku mbili shingo ikanyooka. Nikatamba mtaa mzima kwamba nimemwokoa kaka.

Miezi miwili akawa shwari, akarudi machimboni. Kumbe hapo ndipo penye mtego. Ukiacha dawa hizi, si lazima ugonjwa urudi kesho yake. Unaweza kukaa wiki, hata miezi, ukadhani umepona.

Usiku mmoja simu ikalia. Kaka kakutwa kwenye mdomo wa duara, anataka kushuka bila kamba, anasema kuna mtu anamwita huko chini. Walinzi walimdaka miguu.

Tukampeleka Bugando, Mwanza. Tulivuka kwa kivuko pale Busisi, maana daraja la sasa, lililofunguliwa 2025, lilikuwa bado. Nikamweleza daktari kila kitu, hadi habari ya choo. Hakunifokea. "Kijana, ile shingo haikurogwa. Ilikuwa dawa. Huwapata sana vijana wa kiume, siku za mwanzo. Mngerudi hospitali siku ile ile, angechomwa sindano na shingo ingelegea upesi."

Sindano tu! Na mimi nilikuwa karibu kumzika kaka yangu.

Akaanzishiwa dozi ndogo, pamoja na Artane ya kuzuia ukakamavu. Na safari hii tukafundishwa. Mikono ikitetemeka, mate yakimtoka au miguu ikigoma kutulia, mwambie daktari. Atapunguza dozi au atabadilisha dawa. Usimwachishe mwenyewe. Akisahau kidonge, usimpe viwili kwa mpigo. Gongo na bangi, marufuku. Dawa ikimlevya usingizi, asishuke duarani wala asiendeshe bodaboda. Zipo dawa nyingine, kama olanzapini, ambazo hazikakamazi sana lakini hunenepesha na kupandisha sukari, kwa hiyo uzito na sukari vipimwe. Na akipata homa kali, mwili ukakauka kama gogo, jasho likamtiririka na akachanganyikiwa, usingoje asubuhi. Kimbiza hospitali saa hiyo hiyo, hiyo inaua.

Kwa mganga? Mama alitaka kwenda, na sikumzuia. Nilimwomba kitu kimoja tu: vidonge visikatishwe.

Leo kaka anatengeneza baiskeli hapa hapa Shinyanga. Vidonge alikuwa akivisahau, basi daktari akamhamishia sindano ya kila mwezi. Siku ya sindano mimi ndiye ninayempakia kwenye baiskeli. Yeye hunitania njiani: "Dogo, hii utaitupa chooni vipi?"

Nacheka naye. Lakini nikikumbuka ule mdomo wa duara, kicheko hukatika. Haya msomaji, mwenye mgonjwa nyumbani, kazi kwako.