Simu ya Jack Bauer Ilichajiwa Wapi?

Tanzania Bara ilipata televisheni yake mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar. Huku nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kibondo na Kasulu hadi kata za ndani kama Rungwe Mpya, mwaka huo ulipita kimya. Mawimbi ya vituo vipya yalikuwa ya watu wa mijini, na hata kama yangefika, seti ingewashwa na nini? Tamthilia za ng'ambo zilitufikia kwa kanda, kwenye mabanda ya video, jenereta likinguruma nje na watu wamebanana kwenye mabenchi. Mpenda mitambo wa zama hizo alikuwa fundi redio au kijana aliyejua kusafisha hedi ya deki, na shujaa wake alikuwa gari: lile jeusi la Knight Rider (1982–1986) lililozungumza, likajiendesha, likaruka vizuizi. Hakuna aliyeuliza linafanyaje kazi. Mashine ilikuwa muujiza, na muujiza hauombwi maelezo.

Leo wapenzi hao hao, na watoto wao, wana ulimi mkali zaidi. Nashikilia kwamba kilichobadilisha ladha yao hakikutoka kwa watunzi wa Marekani. Mtazamaji mwenyewe amekuwa mwenye mashine. Anayo simu, anajua betri hufa lini, anajua mtandao hukatika mvua ikipiga, anajua paneli ya sola ikipata vumbi taa hufifia. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kuitazama tamthilia ya 24 kwa macho ya mwaka 2001 ilipoanza. Kila msimu wa tamthilia ile ni siku moja, saa ishirini na nne mfululizo, na shujaa wake, Jack Bauer, anaongea na simu karibu katika kila saa. Ni nadra kumwona akitafuta chaja. Kwa mtu ambaye kwa miaka alipeleka simu kuchajiwa kwa malipo kwenye kibanda cha sokoni, hilo si dosari ndogo ya kuchekea; ni ushahidi kwamba mtunzi hajawahi kuishi na kitu anachokisimulia. Prison Break, iliyoanza 2005 na kuzunguka kwenye diski pamoja na 24, imestahimili vizuri zaidi. Shujaa wake, Michael Scofield, ni mhandisi wa majengo aliyejichora ramani ya gereza mwilini. Chombo chake ni maarifa, na pale ukuta au bomba lilipo tofauti na alivyopanga, mpango unayumba. MacGyver, shujaa wa tamthilia ya jina hilo hilo, alikuwa ameshaipita njia hiyo tangu 1985 kwa waya na kisu, ndiyo maana mafundi wetu walimpenda kuliko lile gari, ingawa gari ndilo lililopigiwa makofi.

Iliyofika mbali zaidi katika njia hiyo ni Mr. Robot ya Sam Esmail, iliyorushwa kati ya 2015 na 2019. Wataalamu wa usalama wa kompyuta waliisifu kwa sababu maandishi yanayopita kwenye skrini ya mdukuzi Elliot Alderson ni amri za kweli. Mimi sifa hiyo naiona ndogo, maana si wengi watakaosimamisha picha wazisome. Kubwa ni namna inavyoelewa udhaifu wa vitu na wa watu. Katika msimu wa kwanza kundi la Elliot linataka kuharibu kanda za kuhifadhia kumbukumbu zilizowekwa ndani ya ghala linaloitwa Steel Mountain. Hawalipui chochote. Wanapanga kuchomeka kompyuta ndogo ya bei nafuu kwenye mfumo wa kupoza hewa, joto lipande, kanda ziungue zenyewe. Yeyote aliyewahi kutunza kanda za video katika banda lenye paa la bati anaelewa mpango huo papo hapo, bila somo. Na Elliot anaingiaje ghalani? Kwa mdomo. Anajifanya tajiri fulani, anamnyenyekesha mfanyakazi mmoja wa ghala kwa maneno ya kumdhalilisha, mlango unafunguka. Hila hiyo ya mdomo tunaijua: nchini kwetu wengi wamepokea ujumbe wa matapeli unaowaambia ile pesa itume kwenye namba hii. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, tumejifunza kwamba tapeli hodari havunji mtambo, humvunja mwenye mtambo. Mkulima wa maharage wa Kasulu amekwisha kuhitimu somo ambalo wahakiki wa New York waliliona jipya.

Nitaambiwa tamthilia ni burudani, na kwamba anayedai betri ziishe anadai mhadhara. Lakini betri inayokwisha ndiyo inayoleta taharuki. Simu isiyokufa kamwe inamnyima mtunzi hofu ambayo angeipata bure. Pingamizi zito zaidi linahusu wasimuliaji. Wengi hawakuzisikia tamthilia hizi kwa Kiingereza. Walizisikia kwa sauti za kina Lufufu na DJ Mack, waliotafsiri huku wakitia chumvi yao, kwa hiyo, hoja inasema, usahihi wa kitaalamu ulikufa njiani. Nadhani msimuliaji ndiye mzani bora tuliokuwa nao. Kompyuta ikiwa pambo tu, yeye huipita kwa mzaha na hadithi haipungukiwi kitu. Ikiwa ndiyo uti wa mgongo, analazimika kueleza mhusika anataka kuingia wapi na nini kinamzuia. Sehemu nyingi za 24 zinapitika hivyo kwa mzaha. Ile ya Steel Mountain haipitiki.

Wapo pia wasemao kwamba teknolojia si hadithi yetu, tubaki na tamthilia za ndoa na urithi. Hao hawajazitazama vizuri hizo za ndoa: ni ngapi zinazogeuzwa na simu iliyosahaulika mezani? Simu imo tayari, ila imebaki kifaa cha kufumania. Hadithi kubwa zaidi ya mitambo iko hapa hapa kwetu. Gridi ya Taifa ilifika mkoani Kigoma mwaka 2022, na kabla ya hapo Kasulu na Kibondo ziliwaka kwa majenereta ya dizeli. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza 2019, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kusajili kulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, na katika mkoa unaopakana na Burundi, uliokuwa na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, kuipata namba hiyo kulianza na maswali kuhusu babu yako alizaliwa upande gani. Mtunzi anayetaka msisimko ana hapa kijana fundi simu, laini itakayozimwa usiku wa manane, pesa ya mazao iliyomo ndani yake, na jirani anayejitolea kuweka kidole badala yake. Kinachobaki ni kuamua huyo jirani anataka nini.