Uzuri wa Mkakasi

Jicho ni hakimu mwepesi wa kutoa hukumu. Huona rangi likaridhika kabla mkono haujagusa na akili haijauliza. Hukumu ya jicho langu ilinigharimu kazi ya miezi minane, na nusura inigharimu rafiki.

Tuliazimia, mimi na rafiki yangu, kutunga mchezo wa kompyuta, kazi ambayo siku hizi watu wawili huiweza bila ya kampuni kubwa. Yeye alishika kanuni za mchezo. Mimi nilishika picha. Nilichora mji wa mawe wakati wa machweo, bahari ya zambarau, na kivuli cha kila jani. Kila aliponisihi tuujaribu mchezo wenyewe, nilimjibu kuwa picha hazijakamilika. Hadithi tuliiandika kwa usiku mmoja.

Siku ya kuuonyesha ilipofika, mdogo wangu alisema, "Lo! Uzuri ulioje!" Baada ya dakika kumi aliuweka kando. "Kaka, nimetembea, nimeruka. Huyu mtu anatafuta nini?" Sikuwa na jibu. Rafiki yangu aliinamisha kichwa, akaondoka bila ya kuaga.

Baadaye nilicheza Thomas Was Alone, mchezo alioutoa Mike Bithell wa Uingereza mwaka 2012. Wahusika wake ni mistatili na miraba mitupu, kila mmoja na rangi yake. Lakini Chris, mraba mdogo, ana kinyongo na wivu. Claire, mraba mkubwa, haruki juu, ila huelea majini akawavusha wenzake. Udhaifu wa mmoja ni haja ya mwingine, na haja hiyo ndiyo mchezo, tena ndiyo hadithi. Nilimhurumia mraba! Nami niliyechora nyuso kamili sikumpatia hata mmoja wa kuhurumiwa.

Sisemi kuwa uzuri ni aibu. Cuphead, mchezo wa Kanada wa mwaka 2017, ulichorwa kwa mkono mithili ya katuni za miaka ya 1930, na mapambano yake ni makali vilevile. Aibu ni uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti.

Nilimwomba rafiki yangu radhi, akanisamehe. Tumeanza upya kwa miraba mitupu. Mdogo wangu ameucheza mara tatu, na jana aliuliza rangi zitakuja lini. Zitakuja, safari hii zitafuata nyuma.