Huduma Ilitolewa Wapi?

Mwishoni mwa mwaka 2018 nilipigiwa simu na kijana niliyemfundisha somo la kodi miaka kadhaa iliyotangulia. Wakati huo alikuwa mhasibu wa kampuni moja ya ujenzi jijini Dar es Salaam. Baada ya shikamoo hakuuliza habari za familia wala za chuo. Aliuliza moja kwa moja: "Dokta, ile mada ya kodi ya zuio uliyotufundisha, bado unaisimamia?"

Nilijua mara moja anakoelekea. Kampuni yake ilikuwa imewalipa wahandisi wa nje shilingi milioni 200 kwa kazi ya michoro. Wahandisi hao walichora wakiwa kwao, hawakukanyaga ardhi ya Tanzania hata siku moja, na michoro ilikuja kwa barua pepe. Kijana hakuzuia hata senti, kwa sababu daftari lake lilimwambia kuwa huduma iliyofanyika nje haina chanzo Tanzania. Daftari hilo lilitokana na ubao wangu. Sasa kampuni ilikuwa inadaiwa asilimia 15 ya malipo yale, yaani shilingi milioni 30, achilia mbali riba.

Miezi michache kabla ya simu ile, Mahakama ya Rufani ilikuwa imetoa hukumu katika shauri la Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Kampuni hiyo ya utafutaji mafuta na gesi ilikuwa imeshindwa mbele ya Baraza la Rufani za Kodi, ikapanda juu ikiwa na hoja ileile niliyokuwa nikiifundisha: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inazungumzia huduma zilizotolewa katika Jamhuri ya Muungano, na hizi zilitolewa kwingine. Mahakama ikakataa. Ilisema kutoa huduma ni sawa na kuipeleka au kuifikisha kwa anayeihitaji. Basi aliye nje akimhudumia mkazi wa Tanzania, huduma imefika Tanzania, na anayelipa hana budi kuzuia kodi.

Nakiri kuwa niliposoma hukumu hiyo kwa mara ya kwanza nilikasirika, kama wanavyokasirika walimu wanaposahihishwa mbele ya watu. Nilitaka kuandika makala ya kuipinga. Kilichonizuia ni hesabu ndogo niliyoifanya pembeni mwa karatasi.

Chukua zile milioni 200. Sheria inairuhusu kampuni kuondoa katika mapato yake gharama zilizotumika kikamilifu, na kwa ajili ya uzalishaji wa mapato hayo pekee. Michoro ya jengo inaingia humo bila ubishi. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, gharama hiyo inapunguza kodi kwa milioni 60. Kwa maneno mengine, hazina ya Tanzania inasamehe milioni 60 kwa sababu ya michoro ile. Ikiwa mhandisi wa nje naye hatozwi chochote hapa, fedha imeondoka na kodi imeondoka nayo. Ile milioni 30 ya zuio inarudisha nusu tu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifundisha gharama zinazopunguzwa Jumatatu na kodi ya zuio Alhamisi, kana kwamba ni mada mbili zisizojuana.

Uhusiano huo unaonekana kwa ukubwa zaidi katika uamuzi wa Baraza wa Machi 2016 juu ya African Barrick Gold. Kampuni tanzu za migodi zilikuwa zikitangaza hasara hapa nchini, ilhali kampuni mama iliyosajiliwa Uingereza iligawa gawio la zaidi ya dola milioni 400 kati ya 2010 na 2013. Kamishna alidai kodi ya zuio ya takriban dola milioni 41, na Baraza likakubaliana naye. Sikuona mwanafunzi wangu hata mmoja aliyesikitika siku ile.

Hata hivyo, si kila kitu katika hukumu ya Tullow kinanituliza. Matokeo yake nayaona ya haki. Njia iliyotumika kuyafikia bado inanikereketa. Kama Bunge lilikusudia kumkamata mtoa huduma popote alipo, lilipaswa kuandika hivyo, si kuwaachia majaji walinyooshe neno moja. Na mzigo huangukia nani? Sheria inamwambia mlipaji asiyezuia kwamba atalipa yeye. Inampa haki ya kudai kwa aliyemlipa, lakini jaribu kumdai mhandisi aliyeko bara jingine ambaye mkataba wake unasema atapokea malipo yote bila makato. Mlipaji akitaka kupinga, kwa kawaida anatanguliza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia iwapo ni kikubwa zaidi. Akifika mbele ya Bodi, wajibu wa kuthibitisha kwamba makadirio hayo ni makosa uko mabegani mwake. Kampuni kubwa ya mafuta ina mawakili wa kubeba hayo. Kampuni ya yule kijana ilikuwa na yeye tu.

Walilipa. Mkataba wake haukuongezwa mwaka uliofuata. Nilimwandikia barua ya kumpendekeza kwingine, nikaeleza wazi kwamba kosa lilianzia darasani kwangu. Sijui kama mwajiri mpya aliielewa.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya vyombo vya kutoa haki, mabaraza yakiwemo. Nilifurahi, kisha nikalikumbuka neno letu. "Huduma iliyotolewa Tanzania": imetolewa pale mtoaji alipokaa, au pale mpokeaji alipoipokea? Kiswahili hakijatuokoa hapo. Siku hizi naanza mada hiyo kwa kisa cha michoro, bila kutaja hukumu, na kuwauliza wanafunzi huduma ilitolewa wapi. Mara ya mwisho darasa liligawanyika karibu nusu kwa nusu, na waliosema "nje" walijieleza vizuri kuliko mimi enzi zile.