Mlango wa pikapu ya mjomba

Najua nimewatupa wiki mbili nzima, na wala si test zilizoniweka bize (ingawa zipo, na moja nimeiharibu vibaya). Nilikuwa nimejikunja chini ya dashibodi ya Hilux na tochi mdomoni.

Likizo ndefu iliyopita mjomba alinipa pikapu yake, Hilux ya milango minne, nimsaidie kusambaza chakula cha kuku kule Kibaha. Nilikuwa nimebakiza senti kidogo za boom. Mtu mwenye akili angenunua viatu. Mimi nikaenda Kariakoo nikanunua sabufa ya inchi 10 na amplifaya yake, nikafunga mwenyewe kwa bisibisi ya kuazima, boksi nikalibananisha nyuma ya siti ya nyuma. Mjomba alicheka tu, akasema kuku watapenda.

Miezi ikapita. Sasa mjomba anataka kuiuza aongezee pesa anunue Canter. Akaja mnunuzi, mzee mmoja mpole lakini makini kweli. Akawasha redio, bezi ilipopiga tu, mlango wa kushoto ukalia krrrrr kama kopo lenye misumari. Mzee akazima. Akasema gari hili limegongwa ubavuni likanyooshwa, akapunguza milioni moja na nusu papo hapo. Mjomba akaapa kwamba tangu alinunue halijawahi kugusa hata ukuta. Yule mzee akamwangalia kwa ile heshima ya mtu ambaye haamini.

Mjomba hakunifokea, na hapo ndipo nilipoumia. Alinipigia, akaniambia nikachukue funguo: "Mjomba, kelele umezileta wewe, naomba uziondoe. Mzee anarudi Jumamosi ya wiki ijayo."

Wazo la kwanza lilikuwa kung'oa sabufa yote na kujifanya hapakuwa na kitu. Niliizima, nikaendesha kwenye matuta. Krrrrr ileile. Kumbe sabufa ilikuwa inatangaza tu kitu ambacho tayari kimelegea.

Rumeti wangu anasoma umeme, huku hosteli tunamwita Injinia tangu mwaka wa kwanza hata kabla hajafaulu kitu. Yeye ndiye aliyesema tuirudishe ile sabufa kazini, safari hii iwe mpelelezi. Kila kitu ndani ya gari kina kasi yake ya kutetema kinayoipenda. Ni kama bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, hata mtoto anaipandisha juu, ukiisukuma ovyo haiendi. Bezi ya nyimbo nyingi inacheza kati ya hezi 30 na 100 hivi, yaani mitetemo 30 mpaka 100 kwa sekunde. Wimbo unapita kote humo kwa haraka, kwa hiyo kila kitu kinalia kwa pamoja na wewe hujui umkamate nani. Injinia akapakua kwenye simu programu inayotoa sauti moja iliyonyooka, tunaipandisha pole pole kutoka hezi 20. Mmoja anashika simu, mwingine anapapasa. Ukibonyeza mahali kelele ikakata, umempata.

Sauti isiwe kubwa sana, maana spika yenyewe ikizidiwa inakoroma na utaufungua mlango wa watu bure. Sisi tulikoroma jioni nzima ya kwanza kabla ya kushusha amplifaya. Tukamaliza na betri, tukaomba jamaa wa mpira watusukume. Mlinzi akaja na rungu lake, akasimama akasikiliza ule mlio wa mmmmmm dakika nzima, akauliza, "Vijana, huu wimbo mbona hauna maneno?"

Wale wadogo walikamatika haraka. Pleti namba ya nyuma ilikuwa inapiga bati kwenye hezi 50 hivi, tukaikata kandambili ya Injinia (moja tu, nyingine bado anaidai mwenzake) tukaweka vipande kwa nyuma na kukaza skrubu. Jeki na spana ya tairi tukazifunga kwa kitambaa. Ndani ya dashibodi tulitoa kalamu moja na sarafu tatu. Kichwa cha mkanda wa siti kilikuwa kinagonga plastiki ya nguzo. Vitu vya aibu, lakini kila kimoja kikinyamaza unasikia kingine kilichokuwa kimejificha nyuma yake.

Sasa mlango. Kwenye hezi 63 uliamka wote. Ukibonyeza juu, kelele inahamia chini. Ukibonyeza chini, inarudi kwenye kitasa. Injinia akasema tufungue kava la ndani. Nikasema tujaribu kwanza kupaka kitu. Akaniangalia. Akafungua.

Wadau, mimi nilijua kilichomo. Kava la mlango linashikwa kwenye bati na klipu za plastiki, vile vichomeko ambavyo inabidi uving'oe taratibu, kimoja kimoja, karibu kabisa na mahali kilipo. Siku ile nikipitisha waya wa spika nilikuwa na haraka, nikavuta kava lote kwa nguvu kama mtu anayefungua gunia. Klipu nne zikavunjika. Nikarudisha hivyo hivyo, kwa nje ukiangalia huoni kitu. Ile nailoni ya ndani inayozuia maji ya mvua nayo nilikuwa nimeichana kwa kisu. Fimbo za kitasa zikabaki zinagusa bati, waya wangu unaning'inia. Mwaka mzima nimeshiba, nimelala, na mjomba ameapa mbele ya mtu.

Nilijaribu njia ya mkato mara moja tena, nikiri tu. Nilinunua ile tepu ya lami ya kuziba mabati ya nyumba kwa sababu ni rahisi, nikaibandika ndani ya bati la mlango. Kesho yake saa saba mchana, jua la Dar mnalijua, ikaanza kuteremka na gari zima linanuka barabara mpya. Tuliikwangua kwa mafuta ya taa mpaka usiku. Ya kweli ni ile ya magari, mpira mzito wenye karatasi ya aluminiamu juu. Na huhitaji kufunika mlango wote: vipande vichache katikati ya bati, pale linapocheza zaidi. Gonga kwa kidole kabla na baada. Kabla linalia kama debe, baada linasema dup.

Fimbo za kitasa tukazivika kandambili. Si sponji ya godoro, maana sponji inakunywa maji na kuyalaza juu ya bati mpaka kutu ianze. Nailoni mpya, klipu mpya (nenda dukani na moja ya zamani mkononi, kwa kukisia utarudi mara tatu), mlango ukafungwa. Hezi 63, kimya. Injinia akaimba.

Nikampigia mjomba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, umefikia wapi?" Nikamweleza yote, klipu, kisu, yote. Akakaa kimya mpaka nikaangalia simu kama vocha imeisha.

"Kwa hiyo yule mzee hakukosea," akasema. "Alisikia mlango uliochokonolewa. Mwongo nikaonekana mimi." Halafu: "Jumamosi utamwambia mwenyewe."

Jumamosi nikamwambia. Nilikuwa na klipu zilizovunjika kwenye mfuko wa nailoni kama ushahidi wa mahakamani. Mzee akazigeuzageuza kiganjani, akagonga mlango nje na ndani, akaendesha mpaka Mwenge na kurudi, mziki juu muda wote. Kioo cha kati cha kuangalia nyuma bado kinatetema, hicho kilitushinda na nilimwambia pia.

"Kumbe ni mtoto na bisibisi," akamwambia mjomba. "Mimi niliogopa ajali." Akarudisha milioni moja. Laki tano akasema ni za adabu, na mjomba akaitikia haraka mno kwa maoni yangu.

Wakiwa wanaandikishana, mzee akageuka. "Na hilo boksi la mziki linabaki humu humu, sivyo?"

Mjomba akaniangalia. Nikaangalia klipu.

Basi niko hosteli, nasikiliza redio ya simu, waya wa spika mita sita umebaki chini ya kitanda. Injinia anataka kandambili mpya. Test ya pili ni Jumatano.