Tumboni Mna Upepo

Tezi dume. Kiswahili kimeipa tezi hii jina kubwa kuliko umbo lake. Kwa kijana mwenye afya haizidi sana ndimu ndogo; imekaa chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo umepita katikati yake. Lakini ina "dume" kwenye jina, na nadhani ni dume hilo, kuliko saratani yenyewe, lililomfanya ami akae na barua ya daktari wiki mbili bila kumwambia mtu.

Ami ni mdogo wake baba, mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyezeekea Uingereza bila Kiingereza kumkaa sawasawa kinywani. Hospitali ilitaka kumpa mkalimani wa simu, akakataa: "Sitaki mtu nisiyemjua ajue mkojo wangu." Basi nikaenda mimi, niliyemwamkia shikamoo tangu nijue kusema. Wengi mnaosoma hapa mmezoea kuniona nikibishana juu ya tafsiri za riwaya. Sijawahi kufanya tafsiri ngumu kama hii, na haikufika hata ukurasa mmoja.

Tatizo la mionzi ni kwamba haina macho. Inachoma inapoelekezwa, seli za saratani na seli nzima kwa pamoja, na tezi dume haitulii mahali pamoja. Kibofu kikijaa inasukumwa. Hewa ikipita kwenye utumbo inasogea milimita kadhaa, kisha inarudi. Kwa hiyo madaktari huizungushia pambizo: wanachoma tezi pamoja na ukanda mwembamba wa nyama nzima, isije ikawaponyoka. Ukanda huo ndio kibofu na utumbo wa mtu. Ndio usiku wa kuamka mara sita, ndio kuogopa kupanda basi.

Eksirei haiioni tezi vizuri, ndiyo maana hospitali nyingi hupandikiza ndani yake chembe tatu za dhahabu ziwe alama. Mashine ya ami ni ya aina nyingine, MRI na mtambo wa mionzi vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja. Kule Utrecht, Uholanzi, wazo hilo lilihangaikiwa miaka mingi, maana sumaku kali na mtambo wa mionzi haviwezani. Mgonjwa wao wa kwanza alitibiwa 2017. Madaktari wa UCLA, Los Angeles, nao walitoa matokeo yao 2023. Wanaume 156, wote wakipigwa mionzi mara 5, takriban nusu wakiongozwa na MRI kwa pambizo ya milimita 2, wengine kwa CT na milimita 4. Waliosumbuliwa na mkojo kiasi cha kutaabika katika miezi mitatu ya mwanzo walikuwa 24 kwa mia upande wa MRI, na 43 upande wa pili. Milimita mbili. Nilizitazama kwenye rula nyumbani, sikuamini.

Sasa, mashine yenye macho hivyo bado inategemea maswali. Umekunywa maji? Umeenda haja kubwa leo? Una gesi? Haja ndogo na haja kubwa lugha imetupa, imezikunja kwa adabu. Lakini gesi? Kujamba singeweza. Ushuzi ndiyo kabisa. Nikasema, "Ami, wanauliza kama tumboni mna upepo." Akajibu kwa heshima zote, "Waambie hakuna."

Picha ikaonyesha upo. Kiputo cheusi kama yai la njiwa, kimeisukuma tezi mbele. Wakamshusha kitandani, wakamwomba aende msalani, kisha atembeetembee. Hakuna aliyecheka, na kwa hilo nawashukuru.

Siku ya tatu nilikaa na wataalamu chumba cha pili, mbele ya kipaza sauti. Daktari alichora upya mipaka ya tezi ya siku hiyo, mpango ukapigiwa hesabu upya, na muda wote huo kibofu kinaendelea kujaa. Ndipo mionzi ikawashwa, huku picha mpya zikija mara kadhaa kwa sekunde. Tezi ilikuwa ndani ya mstari wake, imetulia, halafu ikapanda kama mtu anayeinua bega. Mionzi ikakatika. Hakuna aliyegusa kitu.

Tukangoja. Nikaambiwa nimwambie asijibane.

"Ami, legea tu."

"Nimelegea."

Hakuwa amelegea, nilikuwa namwona. Namwona mdogo wake baba kwa ndani, jambo ambalo adabu zetu hazikuliwekea neno. Nikamwuliza nani alimfundisha kuogelea. Kimya kidogo, kisha akaanza kisa kirefu cha mashua na kaka mmoja mtundu, sauti yake ikipita katikati ya makelele ya mashine. Mstari ukarudi mahali pake, mionzi ikaendelea. Mtaalamu akauliza mzee anasema nini. Nikamfasiria: anasema alisukumwa.

Sasa anapimwa PSA kila baada ya miezi mitatu. Inashuka, polepole. Usiku anaamka mara mbili. Hilo kaniambia mwenyewe, kwa simu, bila kuulizwa.